Kuchacha na Kuchachusha

(Maneno niliyozungumza na wanakikundi wa bustani za nyumbani, Chanika, Dar es Salaam. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema. Vicheko nimeviondoa, vipimo mlivyoniomba nimeviongeza.)

Mwenyekiti wetu wa mtaa, wazee wangu, mama zangu, dada na kaka, itifaki imezingatiwa. Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Na ambao hamjaitikia popote, habari za asubuhi.

Mmeniita nizungumze juu ya kuhifadhi mboga, na tangu niziweke hizi chupa mezani nimeona watu wakisogeza viti nyuma. Kuna mama hapa mbele amefungua kifuniko, akanusa, akamnong'oneza jirani yake: "Hiki kimechacha." Mama, umesema kweli tupu. Kimechacha. Nimekaa siku sita nikisubiri kichache.

Mimi nimekuwa mama lishe miaka mingi, nikipikia mafundi kwenye majengo yanayopanda. Neno hilo nalijua uchungu wake. Fundi mmoja akisema maharage yako yamechacha, kesho hutamwona, na wenzake hutawaona. Ndiyo maana ilinichukua muda mrefu kukubali kwamba kuna kuchacha kwa namna mbili. Ndizi ukiisahau kwenye kona inavunda, unaitupa. Lakini mkungu ukiukata ungali mbichi, ukaufunika vizuri, tunasema umeuvundika, na baada ya siku chache watoto wanagombania. Kuvunda, kuvundika. Maneno yenyewe yanafanana kama ndugu, ila kwenye la pili kuna mkono wa mtu. Hivyo hivyo kuchacha na kuchachusha. Chakula kinachacha kwa sababu umekisahau. Kuchachusha ni kazi: wewe ndiye unayeamua nani aingie chupani, nani abaki nje, na wakae humo siku ngapi.

Wala si mambo ya kigeni. Aliyekulia Songea anaijua togwa, uji uliotiwa kimea ukalazwa hadi ukapata ule ukali mtamu. Maziwa mgando nani hapa hajanywa? Kote huko tunawafuga wadudu walewale wasioonekana. Leo tunawahamishia kwenye kabichi, basi.

Ngoja niwaeleze wanavyofanya kazi, maana ukilielewa hili mengine utayabuni mwenyewe jikoni. Jani la kabichi, hata ulioshe vipi, limejaa bakteria. Wapo wanaoozesha. Wapo wanaokula sukari ya mboga wakatoa asidi ya laktiki, ileile inayoyafanya maziwa yawe mgando. Mkemia Carl Wilhelm Scheele aliipata kwenye maziwa yaliyochacha mwaka 1780, na mwaka 1857 Louis Pasteur, kule Ufaransa, akaonyesha kwamba ni viumbe hai wanaoitengeneza. Sasa, hawa wa asidi wana sifa mbili: wanavumilia chumvi, na hawahitaji hewa. Waozeshaji wengi chumvi inawashinda, na ukungu bila hewa hauoti. Kwa hiyo ukiweka chumvi ya kutosha na ukaizamisha mboga kabisa chini ya maji, umeshachagua upande. Huna haja ya hamira wala siki wala dawa.

Humo ndani nako kuna zamu. Anaanza mmoja anaitwa Leuconostoc mesenteroides. Huyo ndiye wa mapovu, anatoa hewa ukaa inayoisukuma nje hewa iliyobaki. Asidi inapanda, inapanda, mpaka inamshinda mwenyewe aliyeitengeneza. Hapo anapokea Lactobacillus plantarum, anayevumilia ukali zaidi, anamaliza safari. Wataalamu hupima ukali huo kwa kipimo cha pH: namba ikishuka, ukali umepanda. Ikiwa chini ya 4.6, yule bakteria hatari wa sumu ya botulizimu hawezi kuota. Kabichi iliyoiva vizuri hufika karibu na 3.5. Ukitaka uhakika, maduka ya vifaa vya maabara huuza karatasi za kupimia. Mimi nilianza na karatasi, siku hizi ulimi unatosha, lakini ulimi wangu umeshalipa ada.

Ada yenyewe niwaambie. Chupa yangu ya kwanza niliifunga kifuniko hadi mwisho, kwa nguvu zote, kama mtu anayefunga pipa la mafuta ya taa. Ilikuwa Januari. Usiku wa pili tukasikia mlio, mume wangu akadhani ni mwizi. Kifuniko kilikuwa kimeruka, maji ya kabichi yamefika kwenye dari, na sare ya shule ya mjukuu iliyokuwa imeanikwa ndani kwa sababu ya mvua ilinuka wiki nzima. Hewa ukaa lazima ipate njia. Kifuniko kiegeshe tu, au fungua kila asubuhi kipumue, au funika kwa kitambaa safi ufunge na mpira.

Chupa ya pili niliionea huruma chumvi. Niliweka kama ninavyoweka kwenye mchuzi. Siku ya tatu ikawa na utelezi, unavuta kama mrenda, na harufu ya kisima ambamo kitu kimefia. Nikatupa. Ndipo nikajua chumvi hapa hatuweki kwa ladha, tunaweka kwa hesabu.

Hesabu ziko mbili, na naomba mwenye kalamu aandike.

Mboga inayokatwakatwa na kutoa maji yake yenyewe, kama kabichi au chainizi, unaipima kwanza. Kilo moja ya mboga, gramu 25 za chumvi. Kwenye joto kali la Januari na Februari mimi hufika gramu 30. Unaikata nyembamba, unaimwagia chumvi, unaikanda kwa mikono dakika kumi hivi mpaka itoe machozi, halafu unaishindilia kwenye chupa hadi maji yake yaifunike. Hakuna maji ya kuongeza.

Mboga inayokaa nzima au vipande vikubwa, kama matango, bamia, pilipili, karoti, hiyo unaitengenezea maji ya chumvi. Lita moja ya maji, gramu 50 za chumvi. Mjue hayo ni makali kuliko bahari: maji ya Bahari ya Hindi yana takriban gramu 35 kwa lita. Kuna mtu aliwahi kuniuliza kwa nini tusiteke tu baharini bure. Kwanza hayatoshi chumvi. Pili, dada yangu, unajua yanayoingia baharini humu mjini.

Naona nyuso zinasema, "mizani tutatoa wapi?" Mizani ipo kwa Mangi, mwenye duka la mtaani, na mwenye genge hatakunyima akukopeshe ya kwake dakika mbili. Lakini hata bila mizani, nunua pakiti ya chumvi ya nusu kilo. Imwage yote kwenye ndoo ndogo ya maji ya lita kumi, ikoroge iyeyuke: hayo ndiyo maji yetu ya gramu 50 kwa lita, huhitaji kupima chochote. Kwa kabichi, imwage pakiti kwenye sinia uigawe mafungu ishirini yanayolingana, kama unavyopanga mafungu ya nyanya. Kila fungu ni gramu 25, yaani kilo moja ya kabichi. Vijiko vinadanganya. Chumvi ya mawe haikai kijikoni kama chumvi laini.

Aina ya chumvi isiwasumbue. Ya mawe ya Bagamoyo inafaa, ya Uvinza inafaa, na yenye madini joto tunayonunua dukani inafaa vilevile. Madini joto hayajawahi kunizuilia chupa. Maji ndiyo yaangalieni. Ya bomba yana klorini, na klorini kazi yake ni kuua haohao tunaowaalika. Chemsha, acha yapoe kabisa. Ya visima vyetu vingi huku yana chumvi yake tayari, tena hujui kiasi gani, na hesabu yote inaharibika. Kama chai yako huwa inakolea chumvi, hayo usitumie.

Sasa jiwe. Mboga inapenda kuelea, na kipande kinachochungulia juu ya maji ndicho kinachoota ukungu. Lazima uigandamize. Watu wa pwani tunaona jiwe jeupe zuri, tunaliosha, tunatumbukiza. Msifanye hivyo! Mawe yetu mengi ni ya matumbawe, ni chokaa, na chokaa inakula asidi. Utakaa wiki ukishangaa kwa nini haichachi, kumbe jiwe linaifuta kazi yote chini kwa chini. Jaribuni: kamulia ndimu juu ya jiwe, likitoa mapovu lirudishe uwanjani. Bora utumie bilauri nene ya kioo inayoingia mdomoni mwa chupa, au kisosi kidogo, juu yake chupa ndogo iliyojaa maji. Na jani zima la kabichi unaliweka juu kama shuka kabla ya uzito, linazuia vipande vidogo kupanda. Chombo kiwe kioo, udongo uliochomwa vizuri, au ndoo ya plastiki ya chakula. Sufuria ya alumini hapana, asidi inaitafuna.

Joto ndilo hasa lililonifanya nikubali kuja, kwa sababu maelekezo mengi yanayozunguka yameandikwa na watu wa baridi. Wanakwambia weka mahali penye nyuzi 18 hadi 22, subiri wiki tatu, nne. Nyuzi 18! Mimi jikoni kwangu mwezi wa pili mchana ni 32 na usiku hapashuki chini ya 25. Ukisubiri wiki tatu Dar es Salaam utakula uji wa kabichi. Huku tunahesabu siku. Kabichi yangu msimu wa kaskazi huwa tayari siku ya tano au ya sita. Matango siku ya tatu au ya nne. Mwezi wa saba, kipupwe kikiingia, naongeza siku tatu nne, na niwaambie ukweli, ile ya Julai ndiyo tamu kuliko zote, kwa sababu imekwenda polepole na imebaki ngumu inalia mdomoni. Joto likizidi wanakuja kwa pupa wale wa ukali mtupu, harufu nzuri haipati nafasi ya kuingia.

Kupooza bila friji kunawezekana. Chupa ikae sakafuni, kwenye saruji, mbali na jiko na dirisha la jua. Mimi yangu hukaa uvunguni mwa kitanda, ndani ya beseni la maji, nimeivisha khanga kuukuu iliyolowa inayonyonya maji ya beseni. Ni akili ya mtungi wa bibi tu: maji yakikauka kwenye kitambaa yanaondoka na joto. Siku za unyevunyevu haisaidii sana, lakini hata nyuzi mbili ni kitu. Ikishaiva, mwenye friji aiweke humo itulie. Umeme ukikatika nyama itaharibika, hii itaongeza ukali kidogo tu.

Mboga gani? Kabichi na karoti tunazinunua Ilala au Mabibo, zinashuka kutoka Lushoto na Iringa. Bustani zetu za pwani zinatupa matango, bamia, pilipili, figili, chainizi, na hizi zote zinakubali. Tango likate ncha ya upande wa ua, kile kipande chembamba, kuna vimeng'enya hapo vinavyolilegeza. Wengine huongeza kijiko cha chai cha majani makavu ya chai libaki gumu, nami nimefanya, rangi inapungua uzuri kidogo. Bamia usiikate kabisa, ipunguze kikonyo tu bila kuitoboa, na wasiopenda mrenda watashangaa. Kitunguu saumu kinaweza kugeuka buluu au kijani chupani. Niliwahi kumwaga chupa nzima kwa hofu, baadaye nikaambiwa ni asidi tu inacheza na kitunguu, hakina neno. Nililia. Mchicha na matembele viacheni kwenye sufuria, vinalegea vikawa kama kitambaa. Kisamvu kamwe. Kisamvu kina sumu ya sayanaidi, kinataka kutwangwa na kuchemshwa sana, hakina mchezo.

Hapo kwenye bustani niseme jambo ambalo halitanipatia marafiki. Mboga iliyomwagiliwa maji ya mto uliopita viwandani na kwenye makaro haisafishwi na chumvi yangu. Asidi inawashinda vijidudu wengi, si wote, na madini mazito kama risasi hayachachi, yanabaki palepale. Osha mboga kwa maji mengi safi, nawa mikono, suuza chupa kwa maji ya moto. Lakini kama hujui ilikoota, kuchachusha hakutakuokoa.

Chupa iliyo salama utaijuaje? Siku ya pili unaona mapovu ukiitikisa. Siku ya tatu maji yanakuwa meupe kama ya kuoshea mchele. Wengi wanatupa hapo, na hapo ndipo kazi inapokwenda vizuri. Utando mweupe, bapa, laini, ukitokea juu, hiyo ni hamira ya mwitu, iengue tu, ingawa ikiachwa inaharibu ladha. Ukiona manyoya, au rangi ya kijani, nyeusi, waridi, tupa yote, usichote chini ukasema huku hakujafika. Utelezi, tupa. Harufu ya uozo utaijua, pua ya mpishi haidanganywi. Na kama imefika siku ya sita haina uchachu wowote, usile kwa kuionea huruma.

Mzee mmoja hapa kulia ameinua mkono tangu nianze chumvi. Nilimpa nafasi, akauliza: "Mwanangu, mimi nina presha, hii si ndiyo kuniua?" Shikamoo mzee, swali lako ni zuri kuliko hotuba yangu. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Gramu mia za kabichi hii zina gramu mbili na nusu. Yaani sahani moja ya kujaza ni nusu ya siku nzima, kabla hujagusa ugali wala dagaa. Kwa hiyo hii si mboga ya kupakua, ni ya kuonja pembeni, kama achari au kachumbari, vijiko viwili. Wewe mzee isuuze kwa maji kwanza, na daktari wako ajue. Mama mjamzito na mwenye kinga dhaifu nao waulize kliniki kwanza. Na akija mtu kuwauzia chupa hizi akisema zinaponya kisukari na vidonda vya tumbo na nguvu za kiume, mpeni kiti, mpeni maji, msimpe pesa. Hii ni chakula. Ina vitamini C kiasi, inamchangamsha mtu ale. Inatosha.

Kuhusu familia kukataa. Mwaka 1769 nahodha wa Uingereza aitwaye James Cook alikuwa baharini na kabichi iliyochachushwa mapipa kwa mapipa, akitaka mabaharia wake wasipate kiseyeye, ule ugonjwa wa fizi kuvuja damu kwa kukosa vitamini C. Mabaharia hawakuitaka. Hakuwachapa. Aliamuru iandaliwe kila siku kwenye meza ya maofisa, na wengine akawaambia anayetaka achukue, asiyetaka aache. Kabla ya wiki kwisha ikabidi aanze kuwagawia kwa kipimo. Mimi sikuwa nimeisikia hadithi hiyo, lakini nilifanya vilevile: niliacha kuwapakulia watoto, nikaweka bakuli mbele ya wageni tu, pamoja na nyama choma. Jumapili ya pili bakuli lilirudi jikoni tupu na mgeni hakuwa amegusa.

Kuhusu kuuza nitakuwa mfupi, maana najua ndiyo iliyowaleta wengine. Kwa majirani ni sawa, lakini ukitaka kuweka nembo na kupeleka dukani, SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, wanafundisha wasindikaji wadogo, na TBS, shirika la viwango, ndio wanaosajili vyakula. Anzeni huko kabla ya kuchapisha lebo. Tena fanyeni chupa ishirini kwanza zifanane ladha. Mimi ilinichukua mwaka.

Sasa njooni mezani, kwa zamu, wazee watangulie. Chupa yenye kitambaa cha bluu ni kabichi ya siku ya tatu, haijaiva, onjeni nukta tu mjue ladha ya katikati. Nyekundu ni siku ya sita. Ile ndogo ni bamia na pilipili mbuzi, na yule mama aliyesema imechacha ndiye atakayeifungua. Vijiko viko kwenye beseni la kijani. Kijiko kikishaingia mdomoni kisirudi chupani, tafadhali.